Tupa Tumboni mwa Jeni

Mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema marehemu alikuwa mtu wa amani, kwamba maisha yake yote hakuwahi kuingilia ugomvi wa wanawake wa nyumba yake. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, ingawa alichosema kilikuwa kweli tupu, na ukweli huo ndio ulionikaa kooni miaka yote hii kila nilipomsikia mzee yule akisifiwa. Alikuwa baba mkwe wangu. Tulimzika mwaka huu huko Kitale, katika shamba lile lile nililoishi mwaka mmoja tu nikiwa bibi arusi, kabla ya kwenda kuishi na mume wangu Bungoma, na wakamwana wenzangu walionijia na leso wakidhani nitahitaji kufuta machozi walirudi nazo zikiwa kavu. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele kwenye kiti chenye mito, macho yamefifia lakini ulimi haujazeeka. Aliposikia sauti yangu alinishika mkono akawaambia waliokuwa karibu, "Huyu ndiye alikuja kwangu wa kwanza. Mimi na yeye tumetoka mbali." Tumetoka mbali kweli. Niliutoa mkono wangu polepole, kwa adabu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba.

Nimefundisha sayansi katika shule za msingi upande wa Bungoma mpaka nikastaafu, na kila mwaka tulipofika kwenye somo la sumaku wanafunzi walidhani nimewakasirikia wao. Niliandika ubaoni: chuma, nikeli, kobalti. Shaba je? Haivutwi. Alumini? Haivutwi. Dhahabu ya pete ya mama yako? Haivutwi, hata umwombe Mungu. Nilitaka kila mtoto atoke darasani akijua kwamba si kila kinachong'aa na kulia ukikigonga kinavutwa na sumaku, na kwamba kipo chuma kinachoshika na kuachia, na kipo kinachoshika kisiachie. Kichwani mwangu sikuwa nikiona ubao. Nilikuwa nikiona zizi la mabanzi, ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe, na mwanamke aliyesimama mlangoni mikono kiunoni.

Mwaka ule niliokuwa bibi arusi, mume wangu Wekesa alikuwa amepata kazi ya ukarani katika bohari moja mjini Bungoma, akilala chumba kimoja na wanaume wengine wawili. Kwa hiyo mimi nikaachwa Kitale kwa mama yake, kama ilivyo desturi yetu: bibi arusi hupikia kwenye jiko la mama mkwe mpaka atakapopewa lake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne muda si mrefu, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha udongo chenye paa la mabati lililojaa masizi, mafiga matatu, na rafu ya sufuria zilizosuguliwa kwa majivu mpaka ukajiona ndani. Mama mkwe alikuwa na kigoda chake pale, na alikalia kigoda kile kama hakimu. Aliniangalia nikisonga ugali, akaniangalia nikichambua mrenda, akaniangalia nikikohoa moshi. "Hii ya shule haijui moto," alikuwa akisema, hanisemeshi mimi, anaisemesha sufuria. Kazi yangu kubwa ilikuwa Jeni, ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, aliyekuwa fahari ya kijiji kizima. Nilimkatia majani, nilimlisha, nilifagia zizi, nilimkamua alfajiri na jioni. Maziwa yaliingia kwenye mkebe wa kupeleka kwa wanunuzi na kwenye chupa ya chai ya wenye nyumba. Mimi mwaka mzima nilikunywa turungi, chai ya rangi isiyo na tone la maziwa, huku mikono yangu ikinuka kiwele. Nilipouliza siku moja, aliniambia maziwa hunenepesha mtu ambaye hajafanya kazi.

Mvua zilipokaribia mama mkwe alirudi kutoka mjini na matairi. Kuna vijana pale Kitale waliokata matairi makuukuu ya lori na kuyapindua ndani nje yawe vihori vya kulishia, na yeye alinunua mawili akayatembeza kwa majirani kama mtu aliyenunua gari. "Ya mbao inaoza," aliwaambia. "Hii wajukuu wa wajukuu yangu watalishia ng'ombe hapa." Mama Chebet, jirani wa ng'ambo ya ua, aliyapenda mno, akaenda naye akanunua lake. Mimi ndiye niliyekuwa nikitia mikono ndani ya vihori vile kila siku. Pale kisu cha wale vijana kilipopita, raba ilikuwa imeanza kuchanika, na nyaya nyembamba zilizofumwa ndani ya tairi zilikuwa zinachungulia, nyingine zimekatika ndogo kama sindano. Zilinichoma mara kadhaa. Nilimwambia mama mkwe. Alinishika vidole akavigeuza huku na huku, akacheka. "Vidole vya shule," alisema, akaniachia.

Baba mkwe nilimjua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Kwetu mkamwana hampi baba mkwe mkono, hakai naye chumba kimoja, hampokezi kitu mkono kwa mkono. Alikuwa amestaafu udereva wa lori, na upande wa pili wa zizi la Jeni alikuwa na kibanda chake cha vyuma: spana, betri ya lori iliyowasha redio, mikebe ya bolti, mota zilizoungua. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabanzi wenye nafasi za kupitisha kidole. Mzee alipotaka kuniambia neno alimwambia ng'ombe. "Jeni," alisema, "mwambie huyo mtu maji yamemwagika mlangoni." Nami nikajibu, "Jeni, mwambie mzee nimeona." Nakiri nilifurahia mazungumzo yale. Katika boma lile zima, sauti pekee iliyoniambia neno bila kunichoma ilipitia kwa ng'ombe. Ndiyo maana nilimwamini, na ndiyo maana namkasirikia zaidi kuliko mkewe. Mkewe sikuwahi kumtarajia kitu.

Jeni aliacha kula katikati ya msimu wa mvua. Alisimama mgongo umepinda, viwiko vimetoka nje, hataki kulala, hataki kuteremka mteremko wa kwenda mtoni. Maziwa yakakatika. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, mtu wa haraka asiyependa maswali. Aliwaomba wanaume wawili wapitishe mti chini ya kifua cha Jeni na kuuinua kidogo, kila mmoja upande wake. Jeni aliguna, mguno wa mtu mzima. Daktari akatikisa kichwa. "Huyu amemeza chuma," alisema. "Msumari, waya, kitu kama hicho. Kiko kwenye tumbo la mbele, na tumbo hilo limepakana na moyo. Kikisonga mbele, basi." Alisema wenzetu wenye mashamba makubwa huwamezesha ng'ombe wao sumaku, inakaa tumboni maisha yote ikishika vyuma visitembee, lakini yeye hana, na hajui ni lini ataipata. Alimdunga sindano, akaagiza tujenge tuta la udongo Jeni asimame miguu ya mbele ikiwa juu. Kisha, akipanda pikipiki, akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida: "Nani humlisha?"

Mama mkwe alinigeukia tu.

Jioni ile kina mama wa maombi walikuja, wakaketi sebuleni, nami nikiwa jikoni nakaanga mandazi yao. Mlango ulikuwa wazi, wala hawakuona haja ya kupunguza sauti. "Ati ng'ombe imekula misumari," mmoja alisema. "Misumari inatoka wapi kama si mkono ya mutu?" Mwingine akasema amewahi kusikia huko Lwakhakha bibi arusi aliyeua ng'ombe za boma zima hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa wivu. Mama mkwe alingoja wamalize, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mimi sisemi kitu. Lakini Jeni ikikufa, huyu atarudi kwao Misikhu, na watu ya Misikhu wataambiwa kwa nini." Wakasema amina hapo pia. Niligeuza mandazi kwa nguvu mpaka mafuta yakaruka. Nyumbani Misikhu nilikuwa na wadogo zangu wawili wa kike ambao hawajaolewa, na nilijua neno kama lile linavyosafiri. Linapitia sokoni Bokoli, linapitia kanisani, na likifika nyumbani kwenu limekwisha kuwa jina la ukoo. Dada ya yule wa kulisha ng'ombe chuma: nani angekuja kumposa? Niliwapelekea mandazi nikayaweka mezani. Wakanishukuru kwa sauti tamu.

Kesho yake nilimeza kiburi changu nikamwendea kwenye kigoda. Nilimweleza habari ya sumaku, kwamba tunaweza kuitengeneza wenyewe, kwamba nimefundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilipaswa kunitisha. "Ng'ombe imekula chuma," alisema, "na wewe dawa yako ni uongeze ingine?" Akaita nyumba nzima isikie. Lazima niseme, ukiyasikia hivyo maneno yake yanaonekana ya mwenye akili. Nilirudi zizini nikalia nikimshika Jeni shingo, nikamwambia yote, sumaku, waya, betri, dhambi za mama mkwe. Nilipomaliza, upande wa pili wa mabanzi mtu alikohoa. "Jeni," sauti ilisema, "mwambie huyo mtu Ijumaa mama anaenda soko. Betri iko. Waya ya mota iko."

Ijumaa hiyo ilikuwa siku bora ya mwaka wangu wote Kitale. Mzee alipitisha kupitia nafasi ya mabanzi waya wa shaba aliouchomoa kwenye mota iliyoungua, mrefu, mwembamba, wenye ile ngozi ya rangi inayouzuia umeme usiruke kutoka mzingo mmoja hadi mwingine. Akaweka bolti nene juu ya jiwe la mlangoni, akaondoka, nami nikaja kuichukua. Nilizungusha waya kwenye bolti kwa mwelekeo mmoja, mzingo kando ya mzingo, mpaka vidole vya shule vikapata malengelenge. Mwanzo haikufanya kitu. "Jeni, mwambie mzee akwangue ncha za waya kwa wembe, rangi itoke." Alikwangua, akagusisha betri, cheche ikaruka, na misumari niliyokuwa nimeimwaga sakafuni ikarukia bolti yote kwa pamoja. Nilipiga kelele. Mzee alicheka upande wake. Tukajaribu kila kitu kama watoto: kofuli la shaba ya njano, hapana; kifuniko cha sufuria ya alumini, hapana; kikombe cha bati, ndiyo; kiatu cha farasi alichokuwa amekitundika kwa bahati njema, ndiyo. Mzee alishangaa kuhusu kofuli, maana maisha yake yote aliamini chuma ni chuma. Lakini alipoachia waya kwenye betri, misumari yote ilianguka kama ilivyorukia.

"Jeni, si sumaku imekufa?" aliuliza.

Haikuwa imekufa. Nilimweleza, kupitia kwa ng'ombe aliyekuwa akiguna kwa maumivu, kwamba waya wa shaba peke yake hauokoti hata sindano, na bolti peke yake haiokoti. Umeme ukipita kwenye waya ndipo chuma kilicho katikati kinapata nguvu. Na bolti ni chuma laini. Chuma laini hupokea nguvu haraka na kuitoa haraka, na ndicho kinachotakiwa kwenye kengele ya umeme, au kwenye zile winchi za kuinulia vyuma chakavu, ili ukizima mzigo uanguke. "Ni kama ile ya stata ya kuwasha rori," mzee alisema. "Inalia tak, inashika, unaachia ufunguo, inaachia." Ndiyo hiyo hiyo, nilimwambia. Lakini Jeni hawezi kutembea na betri tumboni. Tunataka chuma cha pua, kigumu, kile kinachokubali kwa shida na kikishakubali hakisahau. Nikasikia akipekua mikebe, akapekua tena, na kwenye jiwe ikaja tupa nene ya mviringo, ile ya gereji ya kusugulia vyuma, imeshalika meno.

Aliivunja kwa kuibana na kuigonga mara moja, kipande cha urefu wa kidole, kisha akasugua ncha na yale meno yaliyobaki kwenye jiwe la kunolea, akiichovya kwenye maji kila mara isipate moto, maana moto hulegeza chuma. Ilimchukua mchana wote. Nami niliufungua waya kutoka kwenye bolti nikauzungushia kwenye kipande cha mwanzi chenye tundu la kutosha tupa. Tuliitia tupa ndani, akagusisha betri na kuachia, akagusisha na kuachia, waya ukipata moto, nami nikiigonga tupa taratibu kwa ubao kila cheche iliporuka, kama kitabu cha shule kilivyosema. Nilipoichomoa haikuwa na waya wowote, haina betri, kipande cha tupa tu. Niliishusha kwenye misumari na ikaiinua. Kisha nikaipeleka kwenye ukingo wa kihori cha tairi, pale raba ilipochanika, na nyaya zile zilizokatika zikatoka kwenye nyufa moja moja zikajipanga juu yake. Mzee alikuwa amechungulia kwenye nafasi ya mabanzi, na nilijua ameona nilichokiona.

Tulimpa Jeni kabla mama mkwe hajarudi. Mzee alipitisha mikono juu ya ukuta wa mabanzi akamshika pua, mimi nikaipitisha tupa mpaka nyuma ya ulimi, na ikaenda. Siku chache baadaye alilala kama ng'ombe wengine. Akaanza kucheua. Maziwa yakarudi, si yote lakini yakarudi. Kina mama wa maombi walikuja tena, safari hii kushukuru, wakaimba mpaka kuku wakatoka uani. Mama mkwe alisimulia jinsi alivyofunga na kuomba. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga mandazi yao. Sikuona ubaya, waliomba kweli, na Jeni alikuwa mzima, na wadogo zangu walikuwa salama. Kutoka zizini jioni ile nikasikia, "Jeni, mwambie huyo mtu kazi ilikuwa nzuri." Nilidhani nimepata baba.

Na matairi? Niliyafunika kingo kwa magunia, nikayafunga kwa kamba ya mkonge. Mama mkwe aliyafungua. Alisema naficha vyombo vyake visionekane na wageni.

Jeni alikuja kufa kwa jambo jingine kabisa. Kuelekea mwisho wa mwaka alikata kamba, akaingia shamba la viazi vitamu la jirani wakati wa umande, akala majani mabichi mpaka tumbo likavimba upande wa kushoto likawa ngoma. Walipomkuta hakuweza kupumua. Wanaume wakaamua achinjwe kabla hajafa mwenyewe, na kufikia saa nne za asubuhi uwanja wetu ulikuwa umejaa watu na mabeseni. Mchinjaji alifungua matumbo kwenye majani ya migomba. Alipofika lile la mbele, lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, mkono wake ulisimama. Akaingiza vidole, akavuta, akatoa kitu akakiinua juu watu wakione: tupa yetu, imebeba nyaya pande zote, nyingi, zimesimama kama miiba ya nungunungu. Hakuna hata moja iliyokuwa imetoboa. Tumbo lenyewe lilikuwa safi. Moyo nikauona uko kwenye beseni, safi. Kwa sekunde ile nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale uwanjani, mjinga mimi.

"Mumeona," mama mkwe alisema. Hakupaza sauti. "Mumeona na macho yenu. Hii ni tupa. Tupa inaingia kwa ng'ombe aje?"

"Ni mimi niliyemmezesha," nilisema. "Ni sumaku, mama. Ndiyo iliyomponya. Hizo nyaya ni za tairi, imezishika zisimtoboe."

"Mumesikia? Amesema ni yeye."

Watu walinitazama, kisha wakatazama chini. Mama Chebet alijifunga leso upya. Mimi nilimtazama mzee. Alikuwa amesimama kando ya mchinjaji, mikono ya shati imekunjwa, kisu mkononi, hatua chache tu kutoka kwangu, na hapakuwa na mabanzi kati yetu. Angesema neno moja. Angesema, niliikata mimi hiyo tupa. Najua aliogopa nini: angelazimika kusema mbele ya kijiji kwamba alishinda mchana kutwa zizini akifanya kazi na mke wa mwanawe, wakati mkewe yuko sokoni. Najua, na bado sikubali. Alikizungusha kile kisu, akakipangusa kwenye jani. Jeni alikuwa amekufa na mzee hakuwa na wa kumpitishia maneno.

"Nyama isikae kwa jua," alisema.

Wakaendelea kukata. Tupa ilitupwa kwenye majivu, nikaiokota, nikaiosha, nikaifunga kwenye upindo wa kanga. Mchana ule jikoni mama mkwe alikaanga maini yeye mwenyewe, akaniwekea sahani, akanimiminia chai, na chai ilikuwa na maziwa, ya mwisho ya Jeni. Tulikuwa wawili tu. Alikula kwa utulivu, akajilamba vidole, akasema kama anayeniambia habari ya mvua, "Mzee aliniambia. Siku ile ile mulipoitengeneza."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua ni dawa?"

"Nilijua."

"Sasa mbona umesema vile mbele ya watu?"

"Ungetaka niseme nini? Niseme matairi yangu ndiyo ilitia ng'ombe waya? Mama Chebet amenunua kwa sababu yangu, na wengine." Alinisogezea sahani. "Wewe bado kijana, jina yako itapona. Yangu mimi ndiyo niko nayo hapa. Kula maini, inapoa."

Sikuyala. Sijawahi kumchukia mtu jinsi nilivyomchukia saa ile, kwa sababu hakuwa mjinga wala hakudanganyika. Alikuwa amepima jina langu na lake akachagua, na mumewe alimpa mzani.

Jumapili walipokwenda kanisani nilisema kichwa kinaniuma. Niliyavuta matairi yote mawili mpaka kando ya barabara, mahali ambapo kila atokaye kanisani lazima apite, nikayajaza magunzi makavu, nikamwagia mafuta ya taa, nikawasha. Moshi wa tairi haujui siri. Ulipanda mweusi juu ya mikalitusi, na ibada ilipokwisha watu walikuja mbio wakidhani nyumba inaungua, wakiwa na Biblia zao mkononi. Walinikuta nimekaa kwenye jiwe na ndoo ya maji. Nafikiri walidhani nimerukwa na akili. Raba ilikuwa imeisha. Palipokuwa na vihori palibaki mafungu mawili ya waya, membamba, yamejipinda, mengi kuliko hata nilivyotarajia mimi. Nilimwagia maji mpaka yakapoa kabisa, maana chuma kikiwa chekundu sumaku haikitambui. Kisha nikafungua upindo wa kanga, nikaishusha tupa kwenye majivu. Nyaya zikairukia. Nikaiinua mbele yao kama mchinjaji alivyoiinua, na ilikuwa ile ile, miiba ile ile.

Mama Chebet alisogea akaigusa. Akavuta waya mmoja, akauachia, ukarudi. "Hii ni ya tairi?" aliuliza.

"Ni ya tairi."

Aligeuka akaenda kwake, na sote tukiwa bado tumesimama pale tukamwona akitoka zizini akikibingirisha kihori chake, akakisukuma mpaka nje ya ua, akakiacha. Mwanamke mmoja wa maombi akachukua njia ya kwake kwa haraka, kisha mwingine.

Hapo mama mkwe akapata sauti. "Ameunguza vyombo vyangu!" alipiga kelele. "Siku ya Bwana! Kwa mikono yake!" Akamgeukia mumewe, na wote tukamgeukia mumewe. Mzee alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe. Akatazama tupa mkononi mwangu. Kisha akasema, si kwa ng'ombe, si kwa ukuta, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Kesho huyu arudishwe kwao."

Nilirudishwa Misikhu kwa kosa la kuchoma matairi. Hilo angalau nililifanya.